Dola 150, lensi moja na safari ya Moba

Kalemie – Kijana mmoja mpiga picha wa hapa mjini alikuwa na dola 150 ndani ya bahasha, pesa ya likelemba, na siku 9 tu za kuamua. Mama yake alikuwa anamtuma Moba kumpiga picha nkambo, ambaye miaka yake hakuna anayeijua vizuri. Kisa chenyewe kinaeleweka. Babu alipofariki, picha iliyowekwa juu ya sanduku ilikuwa ile ya kadi ya uchaguzi, imekuzwa mpaka uso ukabaki madoadoa. Mama hakutaka kuona tena jambo hilo.

Kamera ya kijana ni Canon ya zamani iliyokuja na lensi yake ya 18-55 mm, objektifu kama wanavyosema wapiga picha wa huku. Alikuwa ameichoka. Alitamani ile ya 18-135 mm, inayoshika mlima mzima na pia mvuvi aliye mbali ziwani, bila kubadilisha lensi ndani ya bato ambamo maji yanaruka. Duka moja lilikuwa nayo, ya okazio, kwa dola 150 kamili.

Alienda kwanza kwa mzee mmoja mwenye studio karibu na soko.

“Papa, niinunue?”

Mzee hakujibu. Alimwambia afungue kwenye kompyuta picha ambazo wateja walizikataa. Kila picha ya kamera ya namna hiyo inatunza namba zake: milimita ngapi, lensi ilifunguka kiasi gani, kasi gani. Wakazipitia moja moja. Zilizoharibika kwa sababu ya umbali zilikuwa chache sana. Nyingine zote ziliharibiwa na giza: ndani ya kanisa, sebule yenye taa moja, ngoma za usiku.

“Unataka kununua umbali, mwanangu, na wewe unakosa mwanga.”

Na ni kweli. Lensi ya 18-55 ikivutwa mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu, na ile ya 18-135 ni vilevile. Ina kifaa cha kutuliza mkono unaotetemeka, ndiyo, lakini haiwezi kumtuliza mtoto anayecheza. Lensi ya 50 mm f/1.8, isiyovutika hata kidogo, inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Mfanyabiashara mmoja anayeleta vitu kutoka Kigoma alikuwa nayo mpya, dola 130.

Lakini kijana alikuwa bado na moyo wa kule dukani. Wakaenda wote wawili. Mzee akawasha tochi ya simu, akaangaza ndani ya kioo, na nyuzi nyembamba zikaonekana kama utando wa buibui. Ni kuvu. Inapenda unyevu, nasi tunaishi kando ya ziwa. Ikikaa sana inakula rangi ya kioo, na hapo hata kusafisha hakusaidii. Muuzaji akashusha mpaka dola 90. Kijana alisimama pale kitambo kirefu, bahasha mkononi. Wengi huanguka hapo.

Alisafiri na lensi mbili, ile ya zamani na ile ya 50, zimefungwa ndani ya kikwembe na kuwekwa kwenye beseni lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu.

Nyumba ya nkambo iko Kirungu, juu ya bandari. Ndani, lensi mpya ilimwaibisha. Kwenye kamera kama yake, 50 mm inaona finyu kama 80, na mgongo wake uligonga ukuta kabla nkambo hajaingia mzima kwenye picha. Tena nkambo alikataa kupigwa peke yake. Alitaka wajukuu wote. Walikuwa 26, wakapangwa uani, na kazi hiyo ikafanywa na ile 18-55 aliyoichoka.

Jua lilipokaribia kuzama, nkambo alikaa mlangoni kuchagua maharagwe. Hakuangalia kamera. Kijana akapiga tatu kwa f/2.

Bibi alitazama kioo cha kamera kwa muda.

“Huyu ni mama yangu,” alisema.

Picha imechapwa, sentimita 20 kwa 30. Mama ameiweka ndani ya sanduku lake, chini ya vikwembe, hataki itundikwe sasa. Ile lensi ya okazio ingali dukani. Sasa wanaomba dola 70.