Aligoma Kusaini Karatasi ya Mionzi, Kamati ya Harusi Ikayumba

Kuna dada mmoja hapa Dar ambaye ukimuuliza anafanya kazi gani anakujibu kifupi tu: "Niko hospitali." Ukikomaa, daktari? Hapana. Nesi? Hapana. Anapiga eksirei? Hapana pia, ila hao ndio majirani zake. Hapo wengi wanachoka na kurudi kwenye simu zao. Jina la kazi yake ni mtaalamu wa fizikia tiba, na nchini watu wa aina yake ni wachache mno, wengi wao wanajuana kwa majina.

Kazi yenyewe iko hivi. Ukienda kupiga picha ya kifua, kuna anayekuweka sawa na kubonyeza kitufe, na kuna daktari anayeisoma ile picha. Lakini lazima awepo mtu wa kuhakikisha mashine inatoa mionzi kiasi kile kile ilichoambiwa itoe, na kwamba ukuta wa chumba unaizuia isimfuate aliyekaa kwenye benchi nje. Kwa wagonjwa wa saratani ndiyo usiseme: huyo huyo ndiye anayepiga hesabu miale iingilie wapi na kwa kiasi gani, ili ichome uvimbe na iache moyo au uti wa mgongo salama. Akikosea nukta kwenye hesabu, hakuna wa kusema "samahani, tuanze upya."

Alisoma Fizikia pale Mlimani. Darasani wasichana walikuwa wa kuhesabika, na mtaani kila mtu alishajua mwisho wake: atakuwa mwalimu. Baba yake, fundi umeme wa magari, alikuwa ameanza kabisa kuwatangazia majirani kwamba binti atafundisha sekondari. Siku mhadhiri alipowapeleka Ocean Road kuona mashine za tiba, wenzake walipiga selfie, yeye akabaki nyuma anauliza ule mlango mzito vile unafungukaje umeme ukikatika. Swali la mtoto wa fundi, kiukweli.

Baadaye akapata ufadhili wa kwenda Trieste, Italia. Kule kuna kituo cha kimataifa cha fizikia, ICTP, kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, Mpakistani ambaye mwaka 1979 alikuja kuchukua Nobel. Tangu 2014 wanaendesha shahada ya uzamili ya fizikia tiba pamoja na Chuo Kikuu cha Trieste, mahsusi kwa watu wanaotoka nchi kama zetu. Mwaka wa kwanza ni darasani, mwaka wa pili unatupwa hospitalini ukafanye kazi kweli.

Trieste kuna upepo wanauita bora. Unashuka kutoka milimani na unaweza kumsukuma mtu mzima akajishika kwenye nguzo. Chakula hakikumsumbua sana, kwa sababu Waitalia wa kaskazini wanakula polenta, na polenta ukiisonga ikakaza ni ugali, hakuna cha zaidi. Kilichomsumbua ni asubuhi. Kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, lazima mashine ya tiba ipimwe: dozi inayotoka ni ile ile ya jana? Taa za kulengea zimekaa sawa? Mlango ukifunguliwa katikati, mionzi inakatika papo hapo? Kila siku, hata kama jana ilikuwa sawa, hata kama mwaka mzima imekuwa sawa.

Kitengo alichokipenda ni cha tiba nyuklia. Pale mgonjwa anachomwa sindano yenye dawa ya mionzi, kisha kamera inamulika mwili wake ione dawa imekimbilia wapi. Inayotumika sana ni tekineti-99m, ambayo nguvu yake inapungua nusu kila baada ya saa 6. Ukichomwa leo asubuhi, kesho saa kama hiyo imebaki moja ya kumi na sita tu. Kwa kuwa haikai, hospitali inanunua chombo kinachoizalisha, na kila siku wanaichota humo. Wenyewe wanaita kukamua ng'ombe. Iodini-131 ya ugonjwa wa tezi ni habari nyingine, hiyo inachukua siku 8 kupungua nusu, na waliokunywa dozi kubwa wanakaa chumba cha peke yao, na hata wakiruhusiwa wanaambiwa wasiwabebe watoto kwa siku kadhaa. Kuna mama alilia si kwa sababu ya saratani bali kwa sababu ya hilo. Dada huyu alisimama mlangoni anaongea naye. Mlangoni, kwa sababu ukitoka mita 1 ukaenda mita 2 dozi inashuka hadi robo. Muda, umbali na kinga, ndiyo silaha zao tatu, na umbali ndiyo ya bure.

Amerudi Bongo, kapata kazi, kapata na mchumba. Kijana wa benki, mpole, anayejua kucheka. Mahari ikazungumzwa, kamati ya harusi ikaundwa, na mwenyekiti akawa baba mdogo wa bwana harusi. Huyu mzee ana hospitali yake binafsi, si kubwa, ina chumba cha eksirei. Ahadi yake kwenye daftari la michango ilikuwa milioni 2, ya juu kuliko zote.

Siku moja akampigia. "Mwanangu, njoo Jumamosi utupimie kile chumba, uniandikie karatasi. Wakaguzi wa Tume wako njiani, sitaki maneno."

Tume ni ya Nguvu za Atomiki, na bila leseni yake hutakiwi kuwasha mashine ya mionzi popote nchini. Dada akaenda, shikamoo, marahaba, soda ikaletwa. Akaweka ndoo ya plastiki yenye maji mahali pa mgonjwa, maana mwili wa mtu ukiutazama kwa macho ya eksirei karibu wote ni maji. Akashika kipima mionzi, akaomba mashine iwashwe, akazunguka. Chumba cha kubadilishia nguo, sawa. Nyuma ya kioo cha mpiga picha, sawa. Dirisha la keshia, kimbembe.

Ikaja kujulikana kwamba walipokarabati jengo walihamisha stendi ya kupigia picha za kifua, wakaibandika ukuta wa pili ili mlango ufunguke vizuri. Ukuta huo upande wa nyuma ndiko anakokaa keshia. Matofali ya kawaida, plasta ya kawaida. Na mlango ulikuwa wa mbao tupu, haukuwa na bati la risasi ndani. Akachukua idadi ya picha zinazopigwa kwa wiki, akakokotoa: keshia yule anaweza kupata zaidi ya milisiveti 3 kwa mwaka. Kiwango cha juu kwa mtu ambaye si mfanyakazi wa mionzi ni 1. Na keshia alikuwa na mimba ya miezi mitano, inaonekana kabisa.

Sasa tusitiane hofu bure. Milisiveti 3 hazimwangushi mtu. Dunia yenyewe, kwa udongo wake na anga yake, inatupa kama 2.4 kwa wastani kila mwaka, na CT scan moja ya tumbo inaweza kufika 8 au 10. Ila mgonjwa wa CT scan anapata jibu la ugonjwa wake. Keshia anapata nini? Hajaambiwa, hajachagua, havai hata kipimo. Mfanyakazi wa mionzi anaruhusiwa wastani wa 20 kwa mwaka, lakini akishatoa taarifa kwamba ni mjamzito, mtoto aliye tumboni hatakiwi kuzidisha 1 kwa muda wote uliobaki. Yule aliyekaa kwenye risiti hakuwa hata na hesabu.

Mzee aliposikia akacheka kwanza. Kisha akauliza kama hiyo ripoti lazima iandikwe hivyo. Kisha akasogeza bahasha. "Wewe ni mwanangu, hii ni nauli tu. Saini, tutarekebisha taratibu."

"Baba, siwezi kusaini. Hamisha stendi uipeleke ukuta wa nje, weka risasi mlangoni, nitarudi kupima bure."

"Nikifunga chumba wiki mbili, mishahara nalipa na nini? Umekuja juzi tu kutoka Ulaya."

Akaondoka na ndoo yake.

Kuanzia hapo ndipo mambo ya familia yalipoingia, na watu wa harusi mnajua yanavyoingia. Hakuna aliyesema mzee kakasirishwa na ripoti. Kilichoanza kusemwa ni kwamba kazi ya yule binti inakausha kizazi. Shangazi mmoja akaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba anayefanya kazi kwenye mionzi "anachoma mayai". Mwingine akasikia kwamba kazini anavaa aproni ya risasi, akauliza ni kazi gani hiyo ya hospitali mtu anavaa koti la kuzuia bunduki. (Risasi hiyo ni madini, shangazi.) Mwingine akatuma habari ya Marie Curie aliyekufa mwaka 1934 kwa sababu ya mionzi. Hiyo ni kweli. Dada akajibu kwa upole kwamba mama huyo alishika radiamu kwa mikono bila kinga yoyote, na kwamba binti yake wa pili, Ève, alizaliwa mwaka 1904, miaka sita baada ya radiamu kugunduliwa, na akaishi miaka 102. Si hoja ya kisayansi, mtoto mmoja hathibitishi kitu, na mwenyewe aliijua. Ila grupu lilinyamaza siku nzima.

Kilichomuuma hakikutoka kwa shangazi. Mchumba wake, kwenye gari, foleni ya Mwenge, alimuuliza, "Kwani ungesaini tu, halafu warekebishe baadaye, ingekuwaje?" Aliuliza vizuri, bila ugomvi. Dada alishuka kituo cha mbele akapanda daladala. Wiki mbili hawakuzungumza. Mwenyekiti alikuwa ameshajiuzulu kwenye kamati, kikao kilichofuata walikuja watu saba.

Aliyebadilisha mambo ni mama mkwe mtarajiwa. Alimwita nyumbani, peke yake, akamkaribisha chai, akamwambia, "Mwanangu, mimi sijasoma. Nieleze hiyo mionzi inakufanya nini."

Binti akatoa karatasi. Pale kazini wana beji ndogo wanazobandika kifuani, kila baada ya miezi mitatu zinapelekwa kusomwa, na majibu yanakuja kwa jina la kila mtu. Kwa mwaka mzima yake ilikuwa milisiveti 0.2. Akamweleza kwamba mwanamke anahitaji kupigwa na maelfu ya milisiveti kwenye viungo vya uzazi ndipo kizazi kiharibike moja kwa moja. Akamweleza pia kwamba ultrasaundi na MRI hazina mionzi hii kabisa, maana mama alikuwa amezichanganya zote kwenye kapu moja. Mama akakiri kwamba yeye mwenyewe akiumwa mgongo huwa anamwomba daktari "kile kipimo kikubwa", na kwamba mwaka jana alipigwa CT scan mara mbili katika hospitali mbili kwa sababu hakubeba picha za mwanzo. Binti akamwambia picha hizo awe anazitunza na kuzibeba.

Mama akaishika ile karatasi muda mrefu. Kisha akauliza, "Na yule keshia wa shemeji yangu, na yeye anayo hii beji?"

"Hana, mama."

Alichomwambia shemeji yake kwenye simu jioni ile hakijulikani. Kinachojulikana ni kwamba keshia alihamishiwa mapokezi wiki hiyo hiyo, na mwezi uliofuata mafundi wakaonekana wanabeba bati la risasi, zito balaa, watu wanne kwa mlango mmoja. Stendi ikarudishwa ukuta wa nje. Dada akaja tena na ndoo yake, akapima, akasaini. Nauli hakuchukua.

Mchumba aliomba msamaha, na haikuwa kwa maua. Alikuja kazini kwake Jumapili asubuhi akakaa kwenye benchi, akamwangalia anavyopima mashine saa nzima kabla ya wagonjwa wa Jumatatu. Alipotoka alisema hakujua kwamba ni kazi ya kurudia vitu vile vile namna ile. Wakaanza kuongea upya kuanzia hapo, polepole.

Harusi ilifanyika ukumbi mdogo kuliko uliopangwa. Baba mdogo alikuja, akakaa meza ya mbele, akacheza mpaka jasho likamtoka, na wakati wa zawadi alimwita bibi harusi "injinia wangu". Keshia naye alikuwepo, na mtoto mgongoni. Ile ahadi ya milioni 2 bado iko kwenye daftari la kamati, haijatiwa tiki.