Kufaulu si Kuchaguliwa

Vijana wenzangu, kuna kauli moja tunaisikia kila kona, vijiweni, ndani ya daladala, hata misibani: "Jitume tu mwanangu, utatoka." Siikatai. Asiyejituma hapati. Lakini tuulizane: na yule aliyejituma asitoke, tumwambie nini? Tumwite mvivu?

Ninaye mmoja nyumbani. Dada yangu na mimi ni tumbo moja, tumelelewa chumba kimoja cha kupanga huku Temeke. Baba alikuwa utingo wa lori, mama akiuza uji na chapati. Makabwela halisi. Kichwa cha hesabu pale kwetu kilikuwa cha dada, wala si changu. Yeye ndiye aliyenifundisha kugawanya, kwa kupanga vizibo vya soda sakafuni.

Dada alimaliza Darasa la Saba mwaka 1998. Akafaulu. Lakini miaka ile kufaulu lilikuwa jambo moja na kuchaguliwa jambo jingine. Sekondari za serikali zilikuwa chache, waliofaulu wengi, na nafasi zikiisha zimeisha. Mwenye nazo alimpeleka mwanawe shule ya kulipia. Utingo atazitoa wapi? Dada akaenda kujifunza cherehani kwa jirani.

Mimi nilimaliza mwaka 2006. Hapo katikati, mwaka 2004, serikali ilikuwa imeanza mpango wa kupanua sekondari, na shule za kata zikachipuka kama uyoga. Maabara hakuna, walimu wa kuhesabu kwa vidole, watu wakazicheka weee! Lakini jina langu lilibandikwa ukutani. Ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Aliyeitoa ni dada, kwa kushona sare za watoto wa watu.

Leo mimi ni karani wa hesabu, nina meza na kiti cha kuzunguka. Dada bado yuko kwenye cherehani. Kilichotutenganisha ni miaka minane, basi.

Mwaka 1967, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, wataalamu wawili wa elimu ya jamii kule Marekani, Peter Blau na Otis Dudley Duncan, walichapisha kitabu juu ya nani anapanda na nani anabaki chini. Walitumia habari za wanaume zaidi ya 20,000. Wakaona kwamba kazi ya baba humbeba mtoto hasa kwa kupitia shule: baba mwenye uwezo humsomesha mwanawe, na elimu hiyo ndiyo humpatia kazi. Niliposoma hayo nilitikisa kichwa kukubali. Kisha nikashtuka: mbona ni wanaume watupu? Dada yangu hayumo humo!

Mambo yamebadilika, tusibishe. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa mwaka 2016 hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kwa Kidato cha Tano na cha Sita. Binti wa dada hatakwama kwa elfu ishirini. Ila anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu sekondari atakuta masomo mengi ni Kiingereza. Mtoto wa kishua aliyeanza na Kiingereza chekechea atakuwa ameshavuka mto zamani, wa kwetu ndiyo kwanza anavua viatu.

Akivuka, kuna mchongo. Nani atamnong'oneza kwamba mahali fulani wanataka mtu? Utingo anajuana na matingo wenzake. Hata mimi, habari za kazi hii niliyonayo zililetwa na mteja wa dada, aliyekuja kupunguziwa suruali.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi chipukizi, ukiandika hadithi ya kijana wa uswahilini aliyefanikiwa, usiishie kwenye jasho lake tu. Tuambie alizaliwa mwaka gani, shule ilikuwa wapi, ada alilipa nani. Na yule aliyebaki nyuma naye mpe jina na sura na maneno ya kusema. Usimpitishe kama kivuli cha mlangoni. Pengine ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote mle ndani.