Punda wa Mlali

Ukitoka Morogoro mjini kupitia Mzumbe, utafika Mlali. Mbele yako ni Milima ya Uluguru. Barabara inapanda kwenda Mgeta. Kabichi na viazi vinateremka kwenda sokoni.

Hapo Mlali nilimkuta punda anachechemea. Aliteleza njiani akiwa na mzigo. Mguu wa mbele ulivimba. Mwenyewe alitaka kumwacha porini. Nikamwambia, "Ndugu yangu, subiri."

Tulimwita daktari wa mifugo. Mfupa ulikuwa mzima, lakini kano iliumia vibaya. Kano ni kama kamba ngumu. Inashika msuli na mfupa. Ikiumia hupona polepole.

Siku za kwanza tuliumwagia mguu maji baridi ya mto, dakika 20, mara 3 kwa siku. Daktari aliufunga bandeji isiyobana mno. Punda akapumzika bandani.

Baada ya miezi 2 aliacha kuchechemea. Mwenyewe akaleta mzigo. Nikamkataza. Maumivu huisha mapema, kano hupona baadaye. Ukimtwika haraka, ataumia tena.

Tulimtembeza mahali tambarare, dakika 5 kwa siku. Kila wiki tuliongeza dakika 5. Mwenyewe na mkewe walibeba mizigo kichwani. Ilikuwa kazi ngumu. Mwezi wa 9 punda alibeba mzigo mdogo. Njia ya mlimani ilikuwa ya mwisho.

Je, wewe unafuga punda? Akiumia, mwite daktari mapema. Kisha uwe na subira. Kuacha kuchechemea si kupona.