Pilipili ya Fort Leonard Wood

Kuruta wa polisi jeshi hakukabidhiwa kopo la pilipili kabla hajapuliziwa yake usoni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Fort Leonard Wood, Missouri, nilipopita pale mwaka 2002, uraia wa Marekani sijaupata bado. Shule yenyewe ya polisi jeshi ilikuwa imehamia huko mwaka 1999 kutoka Fort McClellan, Alabama.

Sajenti mkufunzi aliniamuru nifumbe macho, akapuliza kutoka jicho moja hadi la pili, kisha akafoka: fumbua! Mara kope zikajifunga zenyewe, kamasi zikachuruzika hadi kidevuni, pumzi ikakatika. Nimekulia Tanga, pilipili kichaa naijua tangu utotoni. Ile ilikuwa moto mwingine kabisa. Na kazi ndiyo kwanza ilianza: kumpiga rungu mtu aliyevaa mito ya kujikinga, kulinda bastola isiporwe kiunoni, kisha kufunga pingu. Nililipanua jicho la kushoto kwa vidole ndipo nikauona mkono wa kuufunga.

Maji peke yake hayakusaidia kitu, maana ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Tulipewa shampuu ya watoto, tukaambiwa tuuelekee upepo, tupepese macho na tusiyasugue. Usiku bafuni pilipili ikaamka upya, ikateremka kutoka kwenye nywele hadi sehemu ambazo asubuhi zilisalimika. Bweni zima lilipiga kelele.

Wapo waliouita ukatili. Mimi niliona haki ndani yake, na ninaiona hadi leo. Mkataba wa Silaha za Kemikali wa 1993 unakataza pilipili hii kutumiwa kama silaha ya vita, ila unairuhusu kwa kazi ya polisi. Yaani tulifundishwa kumpulizia raia au askari mwenzetu kile ambacho adui vitani hapuliziwi. Anayebeba ruhusa nzito namna hiyo lazima aijue kwa ngozi yake.

Miaka ya baadaye, zamu ya usiku, nilimpulizia askari mlevi aliyekuwa akipigana. Pingu zilipofunga tu nilimwinua kutoka kifudifudi, maana anayetafuta pumzi haachwi amelalia tumbo. Nikamgeuza kwenye upepo, nikamwambia apepese. Akauliza, "Hii itaisha lini?" Nikamjibu kwamba nusu saa ya kwanza ndiyo mbaya, na kwamba akienda kuoga ainamishe kichwa mbele.