Gari Kuukuu na Thamani Yake

Wahenga walisema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Msomaji wangu, labda umeisikia methali hii mara nyingi hata imepoteza makali yake sikioni mwako. Lakini jichunguze. Ukipewa kalamu mpya, ile ya zamani huitupa wapi? Ukipata viatu vipya, vile vilivyokuchukua shuleni mwaka mzima huvitazama tena? Mimi pia ni mwanadamu kama wewe, na nimewahi kupenda mng'aro wa vitu kuliko vitu vyenyewe. Kilichonirudi katika kosa hilo hakikuwa kitabu wala somo la chuo cha ualimu. Kilikuwa gari kuukuu.

Gari lenyewe ni Kombi la Volkswagen lililoundwa Ujerumani mwaka 1970, miaka mingi kabla sijazaliwa. Hulala nyumbani kwetu Matiliku, katika Kaunti ya Makueni, chini ya mwembe. Nyuma ya kiti cha dereva mna kitanda cha kukunjwa, kabati, meza ndogo na mtungi wa maji. Mtu aweza kula, kulala na kusahihisha madaftari ndani yake bila kuteremka. Kwa sababu hiyo mimi huliita gari-nyumba.

Asili ya gari la namna hii ni fupi kusimulia. Mwaka 1947 Mholanzi mmoja, Ben Pon, alichora katika daftari lake gari lenye umbo la sanduku na injini nyuma. Mwaka 1950 kiwanda cha Volkswagen kilianza kuliunda, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kutengeneza vyombo vya kulalia na kupikia vya kutiwa ndani yake. Gari lilienea duniani. Brazili ndiyo iliyoendelea kuliunda kwa umbo la zamani mpaka mwaka 2013. Usidhani, hata hivyo, kuwa safari za kulala njiani ni jambo la Ulaya peke yake. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilitoka huku bara na pembe za ndovu, ikashuka hadi Mombasa, na kila ilipolala ndipo palipokuwa nyumbani. Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alikuwa mkuu wa misafara kama hiyo. Kwa hiyo niliponunua gari-nyumba sikujiona mgeni wa Wazungu, nilijiona mjukuu wa wasafiri.

Nililinunua Nairobi mwaka 2017, kwa fedha nilizoziweka akiba miaka minne. Lilikuwa limepakwa rangi mpya, kijani chini na nyeupe juu, likametameta juani kama kombe la ushindi. Muuzaji alifungua milango, akawasha injini, akanisifu kwa kuwa na jicho zuri. Sikulala chini kutazama tumbo la gari. Sikuinua zulia. Nililipa shilingi 280,000 nikaondoka nikiimba. Kwa kweli siku ile nilinunua rangi, na gari nikapewa kama nyongeza.

Mvua za vuli zilipofika, maji yaliingia sakafuni yakatuama. Nikalipeleka gari kwa fundi mmoja mzee ambaye karakana yake haina paa ila mti. Alichukua bisibisi, akaingia chini ya gari, akaanza kudunga chuma polepole kama daktari apapasaye tumbo la mgonjwa. Mahali pengine bisibisi ililia. Mahali pengine haikulia, ilizama.

"Mwalimu," aliniuliza kutoka chini, "ulipolinunua ulivaa nguo nzuri?"

"Ndiyo, mzee."

"Ndiyo sababu. Anayenunua gari kuukuu huvaa nguo za shamba."

Alinionyesha jinsi matundu ya kutu yalivyozibwa kwa ule mchanganyiko wa mafundi wa rangi unaokauka ukawa mgumu, kisha yakapigwa msasa na kupakwa rangi. Kutu, msomaji wangu, huzaliwa pale chuma, maji na hewa vinapokutana. Katika gari hupenda kukaa ndani ya mihimili iliyo wazi katikati, mahali ambapo maji huingia yasipate njia ya kutoka. Basi hula kutoka ndani kuja nje. Siku unapoiona juu ya rangi imekwisha kula chakula cha mchana na cha jioni. Dawa yake ni moja tu: kukata chuma kibovu mpaka ufike penye chuma kizima, na kuchomelea bamba jipya. Kazi hiyo ilichukua wiki tatu na mshahara wangu wa miezi miwili.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe, wala siwezi kumtupia mtu mwingine. Injini ya Kombi langu haina maji ya kuipoza. Hupozwa kwa upepo wa feni, na feni hiyo imefungwa kwenye mhimili mmoja na dainamo ya umeme, vyote viwili vikizungushwa na mkanda mmoja. Mbele ya dereva mna taa ndogo nyekundu. Taa hiyo ikiwaka safarini, maana yake dainamo imeacha kutoa umeme. Nami niliwaza hivi: umeme si haja kubwa mchana, nitafika nyumbani nitatazama. Ilikuwa mwaka 2018, kati ya Salama na Sultan Hamud, jua la saa nane. Sikufikiri hatua ya pili: kwamba mkanda ukikatika, feni nayo husimama. Nilikwenda kilometa chache nikasikia harufu ya chuma kilichoungua, kisha injini ikakaza, ikanyamaza. Mama yangu alikuwa nyuma, kitandani. Mkanda mpya ungenigharimu chini ya shilingi elfu moja, na dakika chache za kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta.

Injini ya gari hili imeshikwa na bolti nne kwenye sanduku la gia, na watu wawili wenye jeki waweza kuishusha chini kabla chai haijapoa. Yule mzee alinikataza kukaa pembeni. Alinipa spana. Tulipoifungua tulikuta silinda ya tatu imeumia kuliko wenzake, naye akanieleza sababu: katika injini za miaka ile kipoza oili kilisimama katika njia ya upepo uendao silinda hiyo, kwa hiyo hupata hewa iliyokwisha pata moto. Kiwanda kilikuja kukihamisha baadaye. Nilistaajabu. Hitilafu ile ilikuwa imeandikwa ndani ya chuma tangu zamani, ikingoja mtu mzembe kama mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa na daftari la gari. Humo huandika tarehe, kilometa na kazi iliyofanywa. Oili lita mbili na nusu hubadilishwa kila baada ya kilometa 5,000. Vali hupimwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Chujio la hewa, ambalo ndani yake mna oili ya kunasa vumbi, nalisafisha mara nyingi kuliko kitabu cha kiwanda kinavyoagiza, kwa sababu waliokiandika hawakulijua vumbi la Matiliku wakati wa kiangazi. Nchi yetu kavu ina fadhili moja na adhabu moja: ukavu wake huchelewesha kutu, na vumbi lake hula injini. Magari ya pwani, penye chumvi hewani, hupata kinyume.

Ndani ya gari sikuweka vyombo vya Ulaya. Vilivyokuwamo vilikuwa vimeoza. Seremala wetu alitengeneza kitanda na kabati kwa mbao za mukau, mti wa Ukambani ambao mchwa hawaupendi. Katika kitanda hicho mama alilala safari nyingi. Alikuwa na presha ya macho, na kila baada ya miezi michache ilimpasa kuonwa na daktari Nairobi. Tulikuwa tukiondoka jioni, tukalala katika gari karibu na hospitali, na alfajiri akawa wa kwanza katika foleni, bila kulipa chumba wala kuamka usiku wa manane. Jambo moja nilichunga sana: sikuwasha jiko la makaa ndani ya gari lililofungwa, hata usiku wa baridi kali, maana hewa ya makaa huua mtu usingizini bila kelele.

Sasa nikueleze namna ya kukisia thamani ya gari kuukuu, maana siku moja utanunua kitu kilichotumika, iwe gari, baiskeli au cherehani. Anza na mwili. Injini ikifa waweza kutia nyingine kwa siku moja, lakini mwili ulioliwa na kutu hauna mbadala. Pili, tazama hati, ujue kama namba zilizoandikwa ndizo zilizogongwa kwenye chuma. Tatu, sikiliza injini ikiwa baridi, wala si ile iliyopashwa moto kabla hujafika. Nne, uliza kumbukumbu ya matengenezo. Rangi iwe ya mwisho. Kumbuka pia kuwa Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo Kombi lililo zima hapa nchini huongezeka thamani kadiri wenzake wanavyokwisha, na wauzaji wajanja hulijua hilo.

Hapo ndipo ninapofikia jambo lililonifanya niandike. Mwaka 2023 daktari alisema mama apasuliwe jicho. Fedha hazikuwapo. Wiki ile ile alikuja mtu kutoka Nairobi, mwenye kazi ya kutembeza wageni mbugani. Alilizunguka Kombi, akapapasa mbao za mukau, akacheka kwa furaha, akataja shilingi 700,000. Alikuwa amevaa nguo nzuri.

Mimi nilijua asilolijua. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeona kutu mpya katika mhimili mmoja wa chini upande wa kushoto, karibu na gurudumu la nyuma. Hakulala chini, kama mimi nisivyolala mwaka 2017. Hakuuliza. Kizuri chajiuza, nami nilihitaji kunyamaza tu, dakika tano. Nakuambia kweli, msomaji, nilinyamaza dakika mbili. Katika dakika hizo nilijitengenezea hoja nyingi: kwamba nami nilidanganywa, kwamba jicho la mama ni kubwa kuliko mhimili, kwamba mnunuzi ndiye mwenye wajibu wa kutazama. Kila hoja ilikuwa na rangi nzuri. Nilipoidunga ilizama.

Nikaleta mkeka, nikautandika chini ya gari, nikampa bisibisi na daftari langu. Alitazama kwa muda mrefu. Alitoka akajipangusa vumbi, akanishukuru kwa adabu, akasema atafikiri. Hakurudi.

Sitakudanganya kuwa nilifurahi. Usiku ule nilijuta. Tuliuza ng'ombe wawili, ndugu wakachanga, na mama akapasuliwa mwezi mmoja baadaye kuliko alivyoagiza daktari. Nilipomsimulia habari ya mnunuzi alikaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, ungelinyamaza, watoto wa watu wangelipanda chuma kile. Mimi ningeliona kwa fedha hiyo, lakini ningekutazama vipi?"

Mhimili ule tuliukata na kuuchomelea upya, na kazi hiyo imo katika daftari pamoja na tarehe yake. Gari lingalipo chini ya mwembe. Bei yake sokoni siijui leo, kwa kuwa bei husemwa na mnunuzi. Thamani yake naijua, kwa kuwa nimeiandika mwenyewe ukurasa kwa ukurasa, makosa yangu yakiwamo.

Nawe, msomaji kijana, ukipewa kitu cha zamani kukitunza, usianze na kukipaka rangi. Lala chini ukitazame tumbo. Andika ulichokiona. Na siku utakapokiuza, mwandalie mwenzako mkeka.