Kitengela Tuliyoielekeza kwa Miti na Nyumbu

Ukishuka leo kwenye steji ya Kitengela na kumwuliza kijana wa bodaboda njia, atakutajia kituo cha petroli, supamaketi, au ghorofa ya rangi ya chungwa. Hatakutajia mti hata mmoja. Simlaumu, maana miti yenyewe iko wapi?

Wazazi wangu walijenga hapa mwaka wa 1997, mimi nikiwa mtoto wa chekechea. Wageni kutoka Nairobi walipotaka kututembelea, marehemu baba aliwaandikia maelekezo kwenye karatasi: washuke na barabara ya Namanga, wapite mgunga wenye viota vingi, kisha wafuate njia ya ng'ombe mpaka waone mabati mapya. Na wakikuta nyumbu, wangoje wapite.

Hilo la nyumbu halikuwa mzaha. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1946, ina ua pande tatu tu. Upande wa kusini, penye mto Mbagathi, uliachwa wazi. Mvua ilipoanza, nyumbu na punda milia walivuka na kutawanyika katika nyanda za Athi na Kaputiei. Kiangazi kikirudi, nao walirudi mbugani kwenye maji. Mwishoni mwa miaka ya 1970, nyumbu hao walikuwa zaidi ya 20,000. Kufikia mwaka wa 2011 hawakuzidi 5,000.

Wafugaji waliishi na wanyama hao kwa kanuni ambazo sisi wa kuja hatukuzijua. Nyumbu walipozaa, Wamaasai waliwaondoa ng'ombe wao katika malisho hayo kwa miezi kadhaa, kwa kuwa ndama wa nyumbu hubeba ugonjwa usiowadhuru wao lakini unaoua ng'ombe. Hakuna aliyewafukuza nyumbu. Aliyehama ni mwenye ng'ombe, akarudi baadaye. Ebu fikiria jambo hilo katika mtaa wa leo, ambako majirani hupelekana kwa chifu kwa sababu ya mtaro wa maji machafu!

Jirani yetu, mzee Mmaasai, ndiye aliyenifunza adabu ya hapa. Mtoto akikutana na mtu mzima huinamisha kichwa, naye mkubwa humgusa utosini. Nilipokua kidogo akaanza kunisalimu "Takwenya", nami nikaitikia "Iko", nikijiona mke wa mtu. Siku hizi watoto wa mtaa wetu humnyooshea mzee huyo ngumi wagotane. Yeye huigusa ile ngumi kwa kiganja, taratibu, kana kwamba ni kichwa.

Je, mambo yalibadilikaje? Ardhi ya hapa ilikuwa ranchi ya pamoja. Mwaka wa 1988 iligawanywa, kila mwanachama akapewa cheti chake. Miaka miwili baadaye serikali ikaunda mamlaka ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, na eneo lake kubwa likawekwa Athi River, hatua chache kutoka hapa. Wafanyakazi walihitaji vyumba. Ekari zikakatwa zikawa ploti za hamsini kwa mia, nasi tukanunua. Katika sensa ya 2009 mji ulikuwa na watu kama 58,000. Ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya 154,000.

Si kwamba hakuna aliyejaribu kuokoa kitu. Kuanzia mwaka wa 2000, baadhi ya wenye ardhi walilipwa dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasijenge ua wala kuuza. Lakini dola 4, jamani, mbele ya bei ya ploti! Na Juni 2012 simba 6 waliuawa na wanakijiji hapa Kitengela baada ya kula mbuzi. Wenye mbuzi walikuwa na uchungu wao, nami siwezi kuwahukumu.

Ukiendelea na barabara hiyohiyo ya Namanga, upite Isinya hadi Kajiado mjini, utaona ua za nyaya zikikufuata njia nzima. Hata jina linasahauliwa. Kajiado ni Olkejuado, yaani mto mrefu, na baraza la wilaya liliitwa hivyo hadi serikali ya kaunti ilipoanza mwaka wa 2013. Waulize wanafunzi wa pale mto huo uko wapi.

Kwetu kimebaki kitu kimoja. Baba alipojenga ua, mzee yule alimwomba aache nafasi ya ng'ombe kupita kwenda mtoni. Baba akausogeza ua ndani futi ishirini. Majirani wengine wote wamejenga hadi mpakani, hivyo sasa njia imebaki yetu tu, na uchochoro wa kanisa. Ukame wa 2022 ulimwachia mzee ng'ombe tisa. Hupita nao asubuhi na jioni.

Kaka zangu wanataka kujenga vibanda vya kupangisha pale. Wana hoja, mama anahitaji dawa kila mwezi na futi zile ni zetu kwa cheti. Mimi nimesema hapana, mama hajasema lolote. Kikao cha familia ni mwezi ujao. Mawe yamekwisha kuletwa, malori mawili, yakamwagwa katikati ya njia, na ng'ombe wa mzee huyazunguka mmoja mmoja.