Pikipiki ya umeme Machochwe: Piga hesabu kabla ya kutoa ng'ombe zizini

Ukitoka Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, kwenda Kata ya Machochwe, vitu viwili havikosi njiani: ng'ombe na bodaboda. Ng'ombe wanavuka barabara kwa muda wanaoutaka wenyewe, na bodaboda anasubiri. Nyuma yake kuna mama anayempeleka mtoto kliniki, au gunia la mahindi, au kreti za soda za duka la kijijini. Magari ni machache, na mvua zikianza hata hayo hupungua. Pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo daladala, ndiyo lori.

Machochwe ni kata ya wakulima na wafugaji, wengi wao Wakurya, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951. Ujirani huo una gharama zake. Tembo wakitoka hifadhini usiku, shamba lililotegemewa msimu mzima linaweza kuisha kabla ya alfajiri. Ndiyo maana akiba ya familia nyingi haimo shambani, imo zizini. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye ada ya shule, ndiye matibabu. Siku hizi ndiye pia mtaji wa pikipiki ya kijana aliyemaliza kidato cha nne.

Kwenye mazungumzo hayo ya jioni kati ya kijana na mzazi limeingia jambo jipya: umeme. Dar es Salaam zipo bajaji za umeme, Nairobi na Kigali zipo pikipiki zake. Hata kwenye utalii wa hapa nchini, kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilishaanza kupeleka watalii mbugani kwa magari ya umeme. Kijana anayaona haya yote kwenye simu, kisha anakuja na hoja yake: "Mzee, hii hainywi petroli. Tutoe ng'ombe wawili tu wa kuanzia, nyingine nitalipa kidogo kidogo."

Kijana hajakosea. Ila hesabu yake ina sehemu tatu, na mara nyingi huja nyumbani na moja tu.

Mafuta na Luku

Sehemu ya kwanza inampendelea kijana. Betri ya kawaida ya pikipiki ya umeme ya biashara hubeba takribani uniti 3 za umeme na, kwenye barabara nzuri, huenda kilomita 70 hadi 80. Pikipiki ya petroli kwa safari hiyo hutumia kama lita 2. Chukulia lita moja ni Sh3,000, hiyo ni Sh6,000 kwa siku. Kuchaji betri ileile, ukiweka na umeme unaopotea njiani, ni kama uniti 3.5. Hata kwa Sh350 kwa uniti kabla ya kodi, haifiki Sh1,300.

Lakini kuna jambo la kuangalia kwenye Luku. Nyumba nyingi za vijijini zilizounganishwa kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ziko kwenye kundi la unafuu la Tanesco, la Sh100 kwa uniti kabla ya kodi. Kundi hilo lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Pikipiki ikichajiwa siku 26, inakula uniti 91 peke yake, kabla ya taa, redio na simu za nyumbani. Zinazozidi 75 hutozwa zaidi ya mara tatu. Bado ni nafuu kuliko petroli, ila bili hiyo inaangukia Luku ya mama, si mfuko wa kijana. Nani atakuwa ananunua uniti ni jambo la kukubaliana mapema.

Barabara nayo ina lake. Kilomita 80 za lami si kilomita 80 za changarawe, milima na abiria wawili wenye mizigo. Na usiku umeme ukikatika, asubuhi hakuna kazi.

Mkataba na betri

Sehemu ya pili ni mkataba. Wanaoendesha bodaboda wanaujua: unapewa pikipiki, unapeleka hesabu kwa bosi kila siku au kila wiki, muda ukiisha inakuwa yako. Chukulia pikipiki ya Sh3 milioni taslimu, na hesabu ya Sh10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 75. Jumla ni Sh4.5 milioni. Ile Sh1.5 milioni ya juu ni ng'ombe mwingine, pengine wawili, waliouzwa bila kuonekana mnadani.

Kwenye pikipiki ya umeme kuna swali jingine ambalo ya petroli haina: betri ni ya nani? Betri ndiyo sehemu yenye gharama kubwa. Kwa hiyo baadhi ya kampuni huuza pikipiki bila betri. Kigali, kampuni ya Ampersand ilijenga biashara yake kwa njia hiyo: dereva anafika kituoni, anaacha betri iliyoisha, anachukua iliyojaa, analipia na kuondoka. Mtindo huo unafaa mjini, penye vituo vilivyo karibu karibu. Kwa familia ya Machochwe, swali la kumuuliza muuzaji ni kituo kiko wapi leo, kwa jina la mahali. "Kinakuja" si jina la mahali.

Kama betri inauzwa pamoja na pikipiki, iulizwe dhamana yake ni ya miaka mingapi au kilomita ngapi, na ikiharibika inapelekwa kwa nani. Fundi wa kawaida aliye chini ya mti anaweza kufungua injini ya petroli akiwa amefumba macho. Betri ya umeme si kazi yake.

Kusubiri

Sehemu ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi: muda kati ya kutoa pesa na kupokea chombo. Vyombo vingi vya umeme, au vipuri vyake, hutoka nje ya nchi. Nairobi, kampuni ya BasiGo ilipoanza kupeleka mabasi ya umeme barabarani mwaka 2022, wenye daladala walitakiwa kuweka nafasi na kusubiri zamu. Mmiliki wa mabasi mengine kumi anaweza kusubiri, kwa kuwa yale kumi yanaendelea kuingiza pesa. Familia iliyouza ng'ombe wawili haina kitu kingine kinachoingiza.

Kwa hiyo malipo ya kwanza yasitoke bila karatasi inayosema chombo kitafika lini, na kikichelewa pesa inarudi ndani ya siku ngapi. Hesabu ya kila siku ianze siku pikipiki inapokabidhiwa, si siku ya kusaini. Kadi iandikwe jina la nani, na pikipiki ikinyang'anywa kwa kuchelewesha malipo, kile kilichokwisha kulipwa kinakwenda wapi, nayo yaandikwe. Mzazi asiyesoma vizuri aende na mwalimu au mtendaji wa kijiji, bila aibu.

Pa kukopa

Kabla ya zizi kuguswa, kuna mlango mwingine. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na pa kuanzia ni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Vijana watano wenye kikundi wanasikilizwa kuliko kijana mmoja mwenye haraka.

Kwa wakopeshaji binafsi, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka wawe na leseni. Asiyeweza kuionyesha ndiye yule watu wanayemwita kausha damu.

Mzazi akishayauliza yote haya na majibu yakawa yameandikwa, basi kijana apewe baraka na pikipiki yake. Majibu yakikosekana, kusubiri mwaka mmoja si kumnyima mtoto maisha. Bei zinaweza kushuka na mafundi wanaweza kupatikana. Pesa iliyolala kwa muuzaji mwaka mzima haiongezeki hata shilingi. Ng'ombe aliyebaki zizini mwaka huohuo anaweza kuzaa.